Kusoma Tope la Ziwa Victoria Kutafuta Matetemeko ya Kale: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Mwanza

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa kama kilomita 40 chini ya ardhi. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani zikaachwa na nyufa au zikawa vifusi. Sisi wa Mwanza tulilihisi kutoka ng'ambo ya maji. Siku zilizofuata, kila kijiwe kilikuwa na swali moja: hili limewahi kutokea huku?

Kumbukumbu ya mzee haivuki umri wake sana, na mitambo ya kupima matetemeko ina umri wa zaidi kidogo ya miaka 100 tu. Lakini ipo kumbukumbu ndefu zaidi, nayo imelala chini ya ziwa tunalolitazama kila siku kutoka Capri Point. Ni tope. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa jiografia, mtafiti mchanga, au mtu yeyote wa huku kwetu anayetaka kujua namna tope hilo linavyochotwa na kusomwa hatua kwa hatua. Nitakaa sana kwenye mambo mawili ambayo watu huyaruka: kuchagua mahali, na kutofautisha tetemeko na vitu vinavyofanana nalo. Kuzamisha bomba ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Tope linavyoandika tetemeko

Kila siku vitu vidogo huzama polepole ziwani: vumbi, udongo ulioletwa na mito, mabaki ya mimea, magamba na meno ya furu, na hasa diatomu, mwani mdogo wenye ganda la kioo. Vyote hivyo hujipanga sakafuni tabaka juu ya tabaka, na jina lake ni mashapo. Mahali palipotulia, mashapo ya juu ni ya leo, na ya chini ni ya zamani.

Ardhi ikitikisika kwa nguvu, tope lililokaa kwenye mteremko hupoteza mshiko. Sehemu yake huporomoka kwa mabonge. Sehemu nyingine huchanganyika na maji na kuwa mkondo mzito wa tope unaokimbia kuelekea kwenye kina, ukifuata sakafu kama maji ya mvua yanavyofuata mfereji. Mkondo ukichoka, chembe nzito hutangulia kutua, kisha za wastani, na unga laini kabisa hutua mwisho, baada ya saa nyingi au siku. Kinachobaki ni tabaka lenye mchanga chini na unga laini juu. Wataalamu huliita tabidaiti.

Dunia ilielewa nguvu ya mikondo hii kwa sababu ya nyaya za simu. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitokea karibu na Grand Banks, kusini mwa Newfoundland katika Atlantiki. Nyaya 12 za telegrafu zilikatika, na zile za mbali zilikatika moja baada ya nyingine kwa saa kadhaa baada ya tetemeko, kila moja kwa saa yake. Tsunami iliyozaliwa na mporomoko wa tope chini ya bahari iliua watu 28. Miaka zaidi ya 20 baadaye wanasayansi walipopanga saa za kukatika kwa nyaya, waliona kwamba kitu kimoja kilikuwa kikikimbia chini ya bahari na kuzikata zote.

Usidhani unahitaji mlima mkali chini ya maji. Storegga, mporomoko mkubwa wa pwani ya Norway wa miaka kama 8,150 iliyopita, ulitokea kwenye mteremko wa chini ya digrii 2. Tope lililojaa maji na lililolundikana haraka huhitaji kisingizio kidogo tu.

Ziwa letu lina tabia zake

Ziwa Victoria ni pana sana na kina chake ni kidogo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina cha wastani ni mita 40 na kina kikubwa kabisa ni kama mita 80. Halimo ndani ya Bonde la Ufa kama Tanganyika au Nyasa. Limekaa katikati ya matawi mawili ya bonde hilo, na mitikisiko mingi tunayohisi hutoka upande wa tawi la magharibi.

Jambo la pili ni kwamba ziwa hili lilikauka. Kwenye miaka kama 17,000 iliyopita, sehemu tunayovuka leo kwa meli kwenda Bukoba ilikuwa nchi kavu yenye nyasi. Bomba lako likishuka vya kutosha litagonga tabaka gumu lenye alama za mizizi. Huo ni udongo wa nchi kavu, na kalenda yako inaishia hapo. Kwa hiyo unatafuta matetemeko ya miaka kama 15,000 tu. Ni mingi ukilinganisha na kumbukumbu ya mitambo, lakini ina mwisho, na ni vizuri kuujua kabla hujatumia fedha.

Kabla ya mtumbwi

Anza na makaratasi. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mwanafunzi ataanza na barua ya chuo chake. Zungumza mapema na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi yenye kituo Nyegezi, hapa Mwanza, kwa sababu watu wake wanalijua ziwa hili na wamezoea kuchota sampuli. Kwa jiolojia yenyewe, mlango ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, pamoja na idara za jiolojia za vyuo vikuu. Kwenye mwalo utakaoondokea, jitambulishe kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Mtu anayeonekana akishusha mabomba majini bila kujitambulisha atazuiwa, na ni haki azuiwe.

Halafu kaa na wavuvi, tena usikae nao dakika tano. Mvuvi wa sangara aliyetega nyavu miaka 30 anajua wapi nanga inashika, wapi inachimba mwamba, na wapi inazama kwenye tope hadi kamba inaisha. Muulize hivyo hivyo. Mzee mmoja wa Luchelele niliyemwonyesha ramani yangu alinyoosha kidole sehemu niliyokuwa nimeiwekea alama nyekundu, akasema: "Hapo mwanangu nanga haikai. Tope lake ni uji. Sogea huku kwenye mawe uone." Alinipunguzia siku mbili za kazi.

Ramani za zamani za kina zitumie kwa uangalifu. Kati ya 1961 na 1964 maji ya ziwa hili yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na tangu hapo yamekuwa yakipanda na kushuka. Kina kilichoandikwa kabla ya hapo si kina cha leo. Andika usawa wa maji wa siku unayopima, uusome kwenye kipimo cha bandari, ili vipimo vyako vya siku tofauti vilingane.

Kuchagua mahali

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa. Unahitaji mahali penye sifa nne kwa pamoja: pawe na bonde lililotulia, pawe na mteremko wenye tope jirani yake, pawe mbali na mdomo wa mto, na pawe chini kuliko nguvu ya mawimbi. Sifa ya nne ndiyo ngumu kwetu.

Wimbi haliishii juu ya maji. Husukasuka hadi kina kinacholingana na nusu ya urefu wake, na chini ya hapo nguvu yake ni ndogo. Urefu wa wimbi unaweza kuukadiria ukiwa umekaa kwenye jiwe. Hesabu sekunde kati ya kilele kimoja na kingine, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 1.56. Jibu ni mita. Mawimbi ya sekunde 4 yana urefu wa kama mita 25, hivyo yanagusa hadi mita 12 au 13. Ya sekunde 5 yana mita 39, yanagusa karibu mita 20. Ya sekunde 6 yana mita 56, nayo yanafika mita 28. Hesabu kwa wimbi la dhoruba, kwa kuwa siku moja mbaya inatosha kuvuruga kilichotulia miaka 10.

Sasa tazama Ghuba ya Mwanza, hii tunayoivuka Kigongo kwenda Busisi. Ni nyembamba na ndefu, na hata karibu na mdomo wake kina ni kama mita 25. Ndani yake mawimbi hayakui sana kwa sababu upepo hauna uwanja mrefu wa kukimbilia, lakini mdomoni, panapofunguka ziwa lote, mawimbi ya dhoruba yanaweza kufika sakafuni. Ushauri wangu ni kutumia ghuba kujifunza kazi, kuzoesha mikono na kujua tope la kawaida linafananaje. Ushahidi wa tetemeko utafute kwenye maji ya nje, kwenye kina cha zaidi ya mita 40, na kwenye mabonde yaliyojificha kati ya visiwa.

Chagua mabonde kadhaa yasiyoshiriki maji ya mto mmoja. Kwa upande wetu wa kusini jiografia imetupendelea: Ghuba ya Speke iko mashariki, ya Mwanza iko katikati, na ya Emin Pasha iko magharibi kuelekea Chato na Kagera. Mto Simiyu unaomwaga Ghuba ya Speke hauna namna ya kupeleka tope lake Emin Pasha. Tabaka likitokea sehemu zote tatu kwa wakati mmoja, mto hauwezi kuwa sababu. Kumbuka hili, tutalirudia.

Uwe mkweli pia kuhusu umbali. Utafiti kwenye maziwa ya Uswisi na ya Chile umeonyesha kwamba mtikisiko mdogo hauachi alama. Unahitajika mtikisiko wa kiasi cha kupasua kuta za nyumba, hapo hapo ulipo mteremko. Tetemeko la 2016 lilitingisha Mwanza bila kubomoa, kwa hiyo kulitafuta kwenye tope la Nyegezi ni kupoteza muda. Litafute ng'ambo, karibu na pwani ya Bukoba. Na ukikosa tabaka, usiandike kwamba tetemeko halikutokea. Andika kwamba mahali hapo hapakutikiswa vya kutosha, au palikuwa hapana tope la kuporomoka.

Ramani ya sakafu

Kifaa cha kutafutia samaki chenye sona, yaani kinachopima kina kwa sauti, na GPS kinatosha kwa kuanzia, mradi kiwe kinahifadhi vipimo. Endesha mtumbwi kwa mwendo wa polepole usiobadilika, kwa mistari sambamba, kisha pita mistari mingine ya kukatisha. Panapokatana, kina kinatakiwa kifanane. Kisipofanana kuna kosa la usawa wa maji, la mawimbi au la GPS, na utatafuta kosa hilo kabla ya kuendelea.

Sona hiyo inaonyesha sakafu tu. Kuona matabaka yaliyo chini ya sakafu kunahitaji sona ya sauti nzito, ya kama kilohezi 3.5, ambayo sauti yake hupenya tope laini na kurudi na picha ya ndani. Kifaa hicho ni ghali, kwa hiyo tafuta ushirikiano na chuo au taasisi inayokimiliki. Kwenye picha yake tafuta mahali matabaka sambamba yanapokatika ghafla na kufuatwa na rundo lisilo na mpangilio. Huo ni mporomoko. Pale picha inapokuwa nyeusi yote kama pazia lililoteremshwa, mara nyingi ni gesi. Tope letu lina mabaki mengi ya mimea na mwani, yakioza hutoa methani, na mapovu huzuia sauti. Hapo usiweke bomba ukidhani umepata mwamba.

Bomba

Kwa sentimita 50 hadi mita 1 za juu, bomba la kudondosha kwa uzito wake linatosha. Chukua bomba angavu la plastiki ngumu, au la PVC ukikosa, kipenyo cha sentimita 6 hadi 9, urefu wa mita 1 na nusu. Juu yake fundi akufungie vyuma vya uzito na kifuniko kinachofunguka bomba likishuka ili maji yapite, na kujifunga likivutwa ili tope lisichomoke. Kifuniko hicho ndicho roho ya kifaa. Kikivuja, utarudi na bomba tupu lililopakwa tope.

Kwa mita kadhaa kwenda chini unahitaji bomba lenye pistoni. Moja ya aina zinazotumika zaidi duniani kwenye maziwa ilibuniwa na Daniel Livingstone katika miaka ya 1950. Mtafiti huyu aliyafanyia kazi sana maziwa ya Afrika Mashariki, na mwanafunzi wake Kendall alichapisha mwaka 1969 historia ya Ziwa Victoria iliyosomwa kutoka tope la Pilkington Bay, Uganda. Bomba la aina hiyo linahitaji jukwaa lililotulia, nanga tatu au nne, na watu waliolizoea. Usianze nalo.

Siku ya kazi ziwani

Ondoka alfajiri. Dhoruba nyingi za ziwa hili huja usiku na kuelekea asubuhi, hivyo sikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha msikilize nahodha, na yeyote kati yao akisema hapana, usiende. Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuruga maji, kwa hiyo panga kazi kabla au baada yake. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu mwaloni, si kulikalia. Mji uliozika ndugu zake wa MV Bukoba, Mei 1996, hauhitaji kuelezwa zaidi. Ukichota sampuli kwa kusimama majini karibu na ufuko, vaa buti ndefu, maana kichocho kipo.

Fikeni mahali, tieni nanga mbili ili mtumbwi usizunguke, na andika GPS, kina, saa na hali ya maji. Shusha bomba kwa kamba yenye alama za mita. Zikibaki kama mita 3, simama, subiri litulie na kusimama wima, kisha liachie kwa upole. Watu wengi huliachia kwa kasi wakidhani litaingia ndani zaidi. Linaingia, lakini linasukuma maji mbele yake na kupeperusha tope la juu, na hilo la juu ndilo lenye miaka 10 ya mwisho.

Vuta polepole bila kusimama. Kabla mdomo wa chini haujatoka majini, mtu mwingine aingize mkono na kuuziba kwa kizibo cha mpira. Ukichelewa sekunde mbili, tope linateleza lote. Sasa tazama maji yaliyobaki juu ya tope ndani ya bomba. Yakiwa maangavu na uso wa tope ni bapa, umefaulu. Yakiwa machafu, mwaga urudie, bila kujihurumia.

Chukua mabomba matatu kila mahali, yakiachana mita 100 au 200. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuvuta bomba moja tu karibu na Luchelele, nikakuta tabaka la mchanga sentimita 14 chini, nikakaa na furaha hiyo wiki nzima. Niliporudi na kuvuta mengine mawili jirani, hayakuwa na kitu. Nilikuwa nimechota mahali kokoro limekuwa likiburutwa.

Mabomba yasafirishwe yakiwa yamesimama wima, yakiwa na alama ya JUU, na yawekwe kwenye baridi ya nyuzi 4 bila kuganda.

Kupasua na kusoma

Kata bomba pande mbili kwa urefu wake bila kugusa tope, kisha pitisha uzi wa nyavu katikati ili tope ligawanyike nusu mbili. Safisha uso kwa kisu bapa ukikwangua kwa upana, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukikwangua kwa urefu utaburuta tope la tabaka moja juu ya jingine, na utakuwa umetengeneza uongo kwa mkono wako.

Piga picha papo hapo, na rula kando. Tope likigusana na hewa hubadilika rangi ndani ya saa chache. Kijani cha zeituni hugeuka kahawia na mistari miembamba hupotea.

Halafu soma kutoka chini kwenda juu, kama lilivyoandikwa. Tope la kawaida la ziwa letu ni laini, la kijani au kahawia nyeusi, jepesi likikauka, limejaa diatomu. Lizoee kwanza. Kisha tafuta mahali linapobadilika. Kila badiliko lipimie mambo haya: mpaka wa chini ni mkali au umefifia? Chembe zinapungua ukubwa ukipanda? Kuna mabonge ya tope la rangi nyingine ndani yake? Matabaka yamekunjwa, yameinama, yamekatika? Bonyeza kidogo kati ya vidole. Mchanga utausikia, unga wa mchanga unaweza usiusikie kwa vidole, lakini kati ya meno ya mbele utakwaruza, na mfinyanzi utateleza.

Tabaka la mkondo wa tope lina mpaka mkali chini, mchanga unaofifia kwenda juu, na kofia ya unga usio na mistari. Mporomoko wenyewe una mabonge na mikunjo. Kuna alama ya tatu ambayo naiheshimu kuliko zote: matabaka yaliyokuwa bapa yamekunjwa au yamepasuka hapo hapo yalipo, na juu yake tope limeendelea kutua bapa. Hilo halikuletwa na mkondo kutoka mbali. Lilitikiswa likiwa mahali pake.

Baada ya macho, pima. Kata vipande vya nusu sentimita kwa sentimita 20 za juu, na vya sentimita 1 kwenda chini. Pima uzito wa mbichi, kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha, pima tena, na utapata kiasi cha maji. Choma kwa nyuzi 550 kwa saa 4, na kinachopungua ni mabaki ya viumbe. Mkondo unaoleta udongo wa mteremkoni mara nyingi huonekana hapo kama shimo kwenye mchoro: maji kidogo, mabaki ya viumbe kidogo, uzito mwingi.

Vinavyofanana na tetemeko

Mafuriko ya mto huleta tabaka zuri, lenye chembe zinazopungua. Lakini chini yake mara nyingi kuna sehemu ambapo chembe zinaongezeka kwanza, maana mto ulijaa kabla ya kupungua, na ndani yake kuna vipande vya majani, vijiti na mkaa wa mashamba yaliyochomwa. Pia huwa nene karibu na mdomo wa mto na kupotea ukienda mbali.

Dhoruba huacha mchanga uliooshwa na vipande vya konokono na kombe kwenye maji ya kina kifupi. Uchimbaji wa mchanga, ujenzi wa ufukweni na nyavu za kuburuta huacha vurugu ya juu juu. Na tope lililolundikana sana kwenye mteremko linaweza kuporomoka lenyewe, siku isiyo na tetemeko wala dhoruba.

Mtego mbaya kuliko yote kwetu uko katika miaka ya 1960. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, la ukubwa wa zaidi ya 6.5, liliua watu zaidi ya 100. Mtu akikuta tabaka la miaka hiyo kwenye tope la Ziwa Victoria atafurahi mara moja. Lakini miaka michache tu kabla ya hapo maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2, yakala fukwe, yakang'oa mafunjo na kushusha udongo ziwani. Mambo mawili tofauti, yakitenganishwa na milimita chache za tope. Asiyejua historia ya maji atatangaza tetemeko.

Kupata umri

Kwa miaka 100 hadi 150 ya mwisho tumia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 22. Iambatanishe na sesiamu-137, iliyoangukia dunia nzima kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele karibu na 1963. Huku kusini mwa ikweta ilianguka kwa kiasi kidogo kuliko kaskazini, kwa hiyo kilele chake kinaweza kuwa hafifu. Kwa miaka elfu na kuendelea tumia kaboni-14, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Pima jani, mbegu au kipande cha mkaa kutoka nchi kavu badala ya tope zima, kwa kuwa tope hubeba kaboni ya zamani iliyooshwa kutoka kwingine na hujifanya zee kuliko lilivyo.

Sampuli ya umri ichukuliwe juu kidogo na chini kidogo ya tabaka la mporomoko, isitoke ndani yake, maana vilivyomo ndani ni vya umri mchanganyiko. Na unapochora mstari wa umri na kina, toa kwanza unene wa tabaka hilo. Sentimita 5 zilizotua kwa siku mbili usizihesabu kama miaka 50.

Pima matarajio yako pia. Tope likitua milimita 1 kwa mwaka, alama ya 2016 iko kama sentimita 1 chini, ya 1966 kama sentimita 6, na ya tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la ukubwa wa 7.4, kati ya sentimita 11 na 12. Tope la juu lina maji mengi, hivyo kwa kweli zitakuwa chini zaidi ya hapo. Unaona sasa kwa nini kupeperusha sentimita 2 za juu kwa haraka yako ni kufuta tukio zima.

Mtihani wa wakati mmoja

Tabaka moja kwenye bonde moja ni dokezo tu. Ushahidi huanza pale mabonde yasiyohusiana yanapoporomoka kwa wakati mmoja, kwa sababu ni vichache mno vinavyoweza kugusa eneo lote kwa dakika moja.

Mfano ulio wazi kabisa umetoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, inayoitwa Cascadia. Kuna majivu ya volkano Mazama, iliyolipuka miaka kama 7,600 iliyopita. Juu ya majivu hayo, kwenye makorongo ya chini ya bahari, zilihesabiwa tabidaiti 13. John Adams, mwaka 1990, aliuliza swali rahisi: makorongo mawili yanapokutana, chini ya makutano kuna ngapi? Kama kila korongo lingekuwa limeporomoka kwa siku zake, chini yangekusanyika 26. Zilikuwa 13. Yaliporomoka pamoja, kila mara. Tukio la mwisho lina hata tarehe, 26 Januari 1700, kwa sababu tsunami yake ilivuka Pasifiki na kuandikwa na makarani wa Japani ambao hawakuhisi tetemeko lolote.

Fanya hivyo hivyo huku. Chora mabomba ya Speke, Mwanza na Emin Pasha yakiwa yamesimama kando kwa kando, umri upande wa kushoto. Unganisha matabaka kwa mstari pale tu umri wake, pamoja na makosa yake ya juu na chini, unapogusana. Uliza: tabaka linazidi unene kuelekea magharibi, kunakotoka mitikisiko? Lipo hata kwenye mabonde yasiyo na mto? Mwaka huo kuna habari ya mafuriko? Kaboni-14 ina kosa la miongo, kwa hiyo haiwezi kutenganisha matetemeko mawili yaliyofuatana kwa miaka 20. Kwenye ripoti andika "yanaweza kuwa ya wakati mmoja", na ueleze kwa nini umechagua neno "yanaweza".

Nusu inayobaki

Nusu moja ya bomba utaikatakata. Nusu ya pili usiiguse. Ifunike kwa plastiki nyembamba inayoshika uso wa tope ili hewa isiingie, izungushie plastiki nyingine nene, ziba ncha, na ihifadhi kwenye baridi ya nyuzi 4. Andika kwa wino usiofutika, mahali pawili tofauti: namba ya bomba, GPS, kina cha maji, tarehe, mshale wa kuelekea juu, na jina la taasisi inayolitunza. Nakala ya karatasi ya taarifa iache kituoni Nyegezi na nyingine Dodoma, pamoja na picha zote, hata za mabomba ambayo hukukuta kitu ndani yake.